Mama Amekubali

Kila mara mpenzi wake Askari alipogusia habari ya posa, Sukaina alikuwa na jibu moja: mama hataki. Mwanzoni lilikuwa jibu la kweli. Bi Khatoon aliposikia kwamba kijana anayempenda binti yake ameacha kazi ya benki, kazi ya tai na lifti katikati ya Toronto, akaenda kufuga mbuzi na kulima mchicha, alicheka mpaka akaketi chini, halafu akanuna wiki nzima. Alisema hakuja Canada mjane na mtoto mkononi ili mtoto huyo aje akamue mbuzi. Sukaina alilia siku hiyo. Alilia kama anavyolia msichana aliyekataliwa mpenzi wake, lakini hapa tuko peke yetu na hakuna wa kumwonea haya, kwa hiyo tuseme ukweli: ndani ya kile kilio kulikuwa na nafuu.

Alimpenda Askari. Hilo asilitilie shaka mtu yeyote. Alimpenda tangu walipokutana jikoni kwenye imambara, ukumbi wa ibada wa Mashia, siku ya majlisi, yeye akipakua wali, Askari akibeba masufuria huku mikono ya shati lake jeupe ameikunja mpaka kwenye viwiko. Alipenda shingo yake, alipenda namna anavyokusikiliza hata ukiongea upuuzi, alipenda anavyolitamka jina lake taratibu kana kwamba hana haraka ya kulimaliza. Asichokipenda ni shamba. Alilichukia kwa harufu yake, kwa ukimya wake, kwa matope yaliyomfuata mpaka ndani ya gari. Na kosa lilikuwa lake mwenyewe, maana Askari alimwuliza kabla ya kuacha kazi. Walikuwa wamekaa garini nje ya jengo walilokaa Sukaina na mama yake huko North York, upande mmoja wa Toronto, injini inanguruma ili wapate joto, akamwuliza: niende? Naye, akiamini kwamba msimu mmoja wa theluji utatosha kumrudisha mjini, akamwambia nenda, nitakuja nawe.

Theluji ikaja ikaondoka, Askari hakurudi. Mwaka wake wa kwanza alipanda bilinganya na pilipili katikati ya Mei, kwa vile jua liliwaka kama la Dar es Salaam, na yeye mtoto wa mjini hakujua kwamba Canada jua ni kitu kimoja na joto ni kingine. Baridi kali ikashuka usiku mmoja, asubuhi akakuta miche yote imelala, imekuwa myeusi. Alimpigia Sukaina simu akicheka, halafu akashindwa kucheka. Sukaina alimbembeleza kwa maneno matamu kuliko yote aliyowahi kumwambia, na alipokata simu akamshukuru Mungu. Alidhani mambo yamekwisha. Wiki ileile Askari akanunua miche mingine.

Basi ile "mama hataki" ikabaki kuwa kinga yake. Aliitumia vizuri, na machozi kidogo juu yake, na Askari akampenda zaidi kwa machozi hayo. Lisilomjia akilini ni kwamba mama naye anaweza kubadilika.

Ilianza na mayai. Kila mara Askari alipokuja mjini kuuza mboga alimpa Sukaina trei ya mayai ampelekee mama. Bi Khatoon amezaliwa Singida, na nyuma ya duka la baba yake kulikuwa na banda la kuku, kwa hiyo miaka yote aliyokaa Canada amekuwa akilalamika kwamba mayai ya dukani hapa viini vyake vimepauka kama vina ugonjwa. Alipovunja yai la kwanza la Askari kwenye kikaango, akaona kiini cha rangi ya machungwa, alinyamaza. Alikula akapangusa sahani kwa mkate. Baadaye kuku wa Askari wakagoma kutaga, naye bila aibu akampigia mama huyohuyo asiyemtaka kumwomba ushauri. Bi Khatoon alimfokea kwanza, kisha akamwuliza anawalisha nini. Tangu hapo wakawa wanapigiana kila Ijumaa baada ya sala, na mara nyingine Bi Khatoon alicheka kwenye simu mpaka akapaliwa. Sukaina alidhani ni mazungumzo ya kuku.

Jumapili moja ya Oktoba mwaka 2013, siku chache baada ya Idi ya kuchinja, Bi Khatoon alitoka chumbani amevaa baibui lake la kwendea harusini, amejipaka manukato, akamwambia binti yake achukue ufunguo wa gari.

"Tunakwenda wapi?" Sukaina aliuliza.

"Kwa Askari. Nimekubali."

Sukaina alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikiweka mezani kwa uangalifu mkubwa.

"Umekubali nini, mama?"

"Umeniimbia huyu kijana miaka miwili, leo unaniuliza nimekubali nini?" Bi Khatoon alikuwa anacheka. "Nataka niyaone makazi kwa macho yangu, tuzungumze, mfunge ndoa kabla Muharram haijaingia. Ikishaingia tutakaa kwenye maombolezo miezi miwili, na tukitoka hapo ni theluji tupu. Nani atakuja harusini?"

Msichana mwingine angemrukia mama yake shingoni. Sukaina naye alimkumbatia, maana alijua hicho ndicho kinachotarajiwa, na akauficha uso wake kwenye bega la mama mpaka alipokuwa na uhakika kwamba uso huo unaweza kuonekana.

Njiani kuelekea kaskazini alijaribu. Miti ilikuwa imeshapukutisha majani, mashamba yamebaki rangi ya kahawia, na Bi Khatoon alikuwa amepakata hotpoti la kuku wa paka, yule wa mchuzi wa nazi, kama mtu aliyebeba mtoto. Sukaina akamkumbusha yale yote aliyokuwa akiyasema yeye mwenyewe. Kwamba shamba ni mbali, mwendo wa saa moja na nusu kutoka mjini. Kwamba jirani wa karibu hata nyumba yake haionekani. Bi Khatoon akajibu kwamba North York jirani wa mlango wa pili wanaonana naye kwenye lifti tu na hajui hata jina lake.

"Na baridi je, mama? Wewe mwenyewe ulisema baridi ya huko."

"Baridi ya Canada ni ileile. Au ya North York inapigwa pasi?"

"Ulisema hutaki mkwe mkulima."

"Nilisema. Nilikuwa sijamjua." Bi Khatoon aliangalia nje kwa muda, kisha akaongea kwa sauti ya chini. Alisema tangu marehemu baba yake Sukaina afariki hajapata mtu wa kumpigia simu na kumwuliza, anti, umekula nini leo. Kijana huyo humwuliza kila Ijumaa, halafu ndipo anaingia kwenye habari za kuku. "Mtu kama huyo huachii aende kwa watu," alisema.

Sukaina aliendesha akitamani barabara ifungwe, kwa ajali ndogo isiyoumiza mtu, kwa chochote. Barabara ilikuwa wazi kabisa.

Askari aliwapokea langoni, ndani ya mabuti ya mpira, akivua glovu haraka haraka kama mwanafunzi aliyekutwa na mwalimu. Alikuwa amekonda, na jua la kiangazi lilikuwa limemkaa usoni. Alipoinua macho yake kwa Sukaina, moyo wa Sukaina ulifanya kile ulichofanya siku zote. Hapo ndipo ulipo ubaya wa jambo hili. Laiti angekuwa hampendi, kazi ingekuwa nyepesi.

"Shikamoo anti."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nionyeshe hao kuku wavivu."

Bi Khatoon alikagua kila kitu. Aliingia bandani bila kujali baibui, akapapasa matumbo ya kuku, akawasifu wawili na kumtukana jogoo. Aliwahesabia mbuzi kasoro za kwato zao. Alipoona kipande cha ardhi ambacho kilikuwa na mchicha kabla ya baridi, alichuma bua moja lililokauka, akalinusa, na Askari akaona macho yake yamelowa lakini akajifanya hakuona. Sukaina alibaki kwenye njia ya changarawe kwa sababu ya viatu.

Askari akapata nafasi ya kumsogelea. Hakumgusa, ila alisimama karibu kiasi cha Sukaina kusikia pumzi yake.

"Amekubali," alisema kwa sauti ya kunong'ona. "Ameniambia pale bandani. Nilidhani sikusikia vizuri. Suki, umefanyaje?"

"Sikufanya kitu."

"Usinifiche. Najua ulivyopigana na mama yako kwa ajili yangu. Miaka miwili. Maisha yangu yote sitalisahau."

Sukaina alitabasamu. Angeweza kusema hapo hapo, wakiwa wawili tu, na huenda mambo yangekuwa mengine. Alitabasamu na kumwambia aende akamsaidie mama, asije akateleza.

Nyumba ya Askari ilikuwa ndogo na ya zamani, lakini alikuwa ameipaka rangi upya mwenyewe, na baadhi ya kuta zilionyesha wazi kwamba mpakaji alitoka benki. Chini, karibu na jiko, alikuwa ameandaa chumba. Aliufungua mlango na kusimama pembeni. Kilikuwa na kitanda cha chini kwa ajili ya magoti mabaya, hita mbili, na mswala uliokwishatandikwa kuelekea kibla. Alimweleza Bi Khatoon kwamba hataki akae peke yake North York binti akishaolewa. Akipenda aje akae, asipopenda chumba kitamsubiri. Bi Khatoon aligusa mswala kwa ncha ya kidole. Kisha akasema chakula kinapoa, twendeni tukale, kwa sababu alikuwa mwanamke wa kulia na hakutaka kulia.

Walikula. Sukaina alimega mkate akauviringisha viringisha kwenye mchuzi. Alipofika nusu ya sahani, Bi Khatoon alinawa mkono, akajikohoza, akaongea kwa sauti ya shughuli.

"Jambo kama hili mimi siliingii kwa macho tu," alisema. "Alhamisi nilikwenda kwa sheikh, nikamwomba anifanyie istikhara. Niliweka nia moyoni, sikumwambia ni jambo gani. Akafungua Kurani, akasoma, akaniambia: nzuri. Nikamwuliza nzuri kiasi gani. Akasema mama, kama ni safari, ondoka leo."

Askari aliinamisha kichwa. Midomo yake ilikuwa ikimshukuru Mungu bila sauti, na mkono wake juu ya meza ulikuwa umefumba ngumi ya furaha kama mtoto. Sasa wote wawili walikuwa wanamtazama Sukaina. Ile "mama hataki" ilikuwa imekufa. Kilichobaki ni yeye na mdomo wake: aseme ndiyo, aje alale kwenye ukimya huu mpaka azeeke, au aseme hapana, na Askari amwulize kwa nini, na kutoka hapo kila uongo uanze kufumuka mmoja baada ya mwingine.

"Na mimi nilifanya istikhara," Sukaina alisema.

Hakuwa amepanga. Neno lilikuwa limekaa pale mezani, mama yake amelitoa sasa hivi, naye akalichukua.

"Lini?" aliuliza Bi Khatoon.

"Kabla yako. Wiki iliyotangulia." Alishika hereni yake. "Ilitoka mbaya. Mbaya sana."

Hilo neno "sana" hakuna aliyemwomba.

Ni lazima ieleweke amefanya nini. Katika jamaa zao istikhara ikitoka mbaya, shauri limekwisha, na iliyotangulia ndiyo inayoshikwa. Hairudiwi kwa jambo lilelile mpaka mtu apate jibu analolipenda. Watu wameacha harusi zao kadi zikiwa zimeshagawiwa. Hakuna anayekasirika, hakuna anayelaumiwa, kila mmoja anasema kheri imekuwa hivyo na anakwenda zake na heshima yake. Ni njia ya kumwacha mtu bila wewe kuwa uliyemwacha. Ndiyo maana ilimjia haraka hivyo.

Askari hakubishana. Alikaa tu, akiitazama sahani yake, rangi inamtoka usoni taratibu mpaka kwenye midomo. Kisha akanyanyuka, akachukua birika, akammiminia Bi Khatoon chai. Ilimwagika kwenye kisahani.

"Aliye juu amesema, anti," aliongea hatimaye. "Mimi ni nani."

Bi Khatoon hakuitazama chai. Alikuwa anautazama mkono wa binti yake kwenye hereni. Alimzaa yeye, alimlea yeye, na tangu akiwa na miaka sita alimjua anavyodanganya. Lakini hakusema lolote la hilo, si mbele ya mgeni, hata kama mgeni mwenyewe ndiye mwenye nyumba.

"Askari," alisema, "Ijumaa uliniambia una neno la kutuambia tukija. Neno gani?"

"Halina kazi tena."

"Niambie hivyohivyo."

Askari aliketi. Alisema jirani yake anataka kulinunua shamba, ardhi na mifugo yote pamoja. Alisema wakubwa wake wa zamani benki wamemwambia nafasi ipo kuanzia Januari, arudi akitaka. Yote hayo alikuwa nayo tangu mwisho wa kiangazi.

"Nilitaka leo nimwulize Sukaina mbele yako, anti, asipate mtu wa kumwogopa. Akisema tukae hapa, tukae. Akisema mjini, ninauza kesho asubuhi." Aliongea polepole, kwa utulivu wa mtu anayesimulia habari za marehemu. "Nimekuwa nikimtazama akija. Hukaa garini kwanza kabla ya kushuka. Akishuka hukanyaga kama ardhi ina moto. Nilijua hapapendi. Nilikuwa nangoja aniambie."

"Hukuniambia kwamba unajua," Sukaina alisema. 

"Na wewe hukuniambia kwamba hupendi. Haidhuru. Sasa si langu wala lako." Akaomba ruhusa, akasema mbuzi wanataka maji, akatoka.

Sukaina alibaki ameduwaa. Alikuwa amepewa kila alichokitaka, Askari na mji wake, vyote viwili vimewekwa mezani, na alikuwa amevikataa kwa ulimi wake mwenyewe pumzi chache kabla havijatajwa. Alimtazama mama yake. Bi Khatoon alikunja leso yake mara moja, akaikunja tena.

"Umekaa unangoja nini?" alimwuliza. "Kama kuna kitu cha kumwambia, mfuate."

Alimkuta kwenye uzio, ameshika mpira wa maji, maji yanafurika kwenye pipa naye haoni. Upepo ulikuwa unakata masikio. Sukaina aliingia matopeni na viatu vyake vya ofisini bila kufikiri.

"Askari. Nilidanganya."

Hakugeuka. "Nini?"

"Sikufanya istikhara. Sikuwahi. Ya mama ndiyo istikhara, hakuna nyingine."

Akageuka. Sukaina aliona furaha ikimjia usoni yote kwa pamoja, aliona midomo ikianza kufunguka, na katika sekunde hiyo aliamini amesamehewa. Kisha furaha ikasimama pale ilipofika.

"Kwa nini?"

"Sikutaka shamba. Niliogopa kukuambia."

"Na mama hataki? Miaka yote hii, mama hataki, mama hataki?"

"Mwanzoni hakutaka kweli."

"Alianza kutaka lini?"

Sukaina alitazama matope, na Askari akajijibu mwenyewe. Akafunga bomba. Akaukunja mpira wa maji vizuri, duara juu ya duara, kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Nimekuwa nikiomba baada ya kila sala," alisema, "Mungu aulainishe moyo wa mama yako. Kila Ijumaa nikiongea naye nilikuwa namchukia kidogo, unajua hilo? Ananifundisha kwa huruma yake yote, nami nasema moyoni, huyu ndiye aliyenikalia njiani. Mama wa watu. Na hakuwa yeye."

"Nisamehe."

"Ungeniambia hulipendi shamba, ningeliuza. Ungeniambia hunipendi, ningeumia kama watu wanavyoumia, nikapona. Wewe umeniambia Mungu hanitaki, Sukaina. Na mimi nikaamini. Nilikuwa pale mezani najiuliza nimemkosea nini."

Alianza kulia, Sukaina, na safari hii hakukuwa na nafuu ndani yake. Alimwambia anampenda. Alimwambia alikuwa mjinga, kwamba alikuwa na hofu, kwamba sasa amesema ukweli wote na hatamficha kitu tena mpaka kufa.

"Umesema baada ya kusikia habari ya benki," Askari alisema.

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kwa kuuliza, akimtazama machoni, na ilikuwa wazi kwamba anataka apingwe. Alikuwa anamwomba ampinge. Sukaina alifungua mdomo aseme si kweli, ningekuja kukuambia hata kama hakuna benki wala jirani. Lakini kwa mara ya kwanza katika miaka miwili alijiuliza kwanza kama analotaka kusema ni la kweli, na hakuwa na uhakika, na katika kujiuliza huko akachelewa.

"Si kweli," alisema baadaye.

"Sawa," Askari alisema.

Sukaina alimshika mkono wa koti. Askari aliutoa mkono wake kwa upole, kidole kwa kidole, jinsi unavyomtoa mtoto aliyelala ameshika nguo yako. Akamwambia aingie garini, kuna baridi, na viatu vyake vimelowa.

Bi Khatoon alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, ameshajifunga mtandio na mkoba uko begani. Alikuwa amesikia ya kutosha. Sukaina alipompita alitegemea kupigwa, angalau kwa maneno, na angeshukuru. Mama yake alimwambia tu, "Ingia garini," bila kumtazama.

Aliingia, akakaa nyuma ya usukani. Vioo vilikuwa na ukungu, akateremsha cha upande wa mama ili aone. Bi Khatoon alikuwa ameshika mikono yote miwili ya Askari, akimwomba radhi kwa malezi yake mabaya, na Askari anakataa, anasema anti usiseme hivyo, hujanikosea kitu. Walisimama hivyo kidogo, kila mmoja akimfariji mwenziwe, kama watu waliokutana msibani.

"Usiuze shamba, mwanangu," alisema Bi Khatoon.

"Siuzi."

"Mwenyewe unalipenda?"

"Nalipenda sana, anti. Nilikuwa tayari kuliacha, basi."

Bi Khatoon aliitikia kwa kichwa. Alitazama chini, akatazama banda, akaitazama ile nyumba iliyopakwa rangi vibaya na dirisha la chumba ambacho kingekuwa chake. Mtu aliyemjua angeona kwamba anapima jambo, na kwamba ameshalikata.

"Dada yangu Shamshad yuko Etobicoke," alisema. "Ana binti, Roshan. Alikuja kutoka Arusha mwaka juzi. Ni msichana mkimya, ana dini yake, na hana ndimi mbili. Sisemi leo, leo si siku yake. Nauliza tu, nikimtajia mama yake, utaona nimekuvunjia heshima?"

Sukaina aliinama kuelekea kioo kilichoteremshwa. Alimngoja Askari akasirike. Alimngoja aseme hapana, anti, moyo wangu ulipo panajulikana, si kitu cha kuhamishwa mchana mmoja. Alikuwa na haki ya kungoja hivyo, alifikiri, kwa kuwa miaka miwili si mchezo, na kwa kuwa anamjua.

Askari aligeuza macho yake kwenye gari. Aliona kioo kimeteremshwa. Alimtazama Sukaina kwa muda, kwa macho yaleyale ya jikoni kwenye imambara, hayakuwa na chuki hata kidogo, na bila kuyaondoa akamjibu Bi Khatoon.

"Mlete aone shamba kwanza," alisema. "Asipolipenda, aseme."

Bi Khatoon aliingia garini. Alifunga mkanda, akaupandisha mwenyewe kioo, akaweka mkoba mapajani na mikono juu ya mkoba. Askari alikuwa ameshaurudia uzio wake. Sukaina aliwasha gari, akatoka langoni, na alipofika kwenye barabara kubwa akawasha taa ya kukata kona kuelekea nyumbani.

"Usiende nyumbani," mama yake alisema. "Pitia Etobicoke. Shamshad huwapo Jumapili."